SAFARI YA UDAKTARI: TANGU KUCHAGUA MASOMO HADI KUTHIBITISHA NAFASI CHUONI







Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa mkoani kwetu Kagera, katika wilaya ya Biharamulo. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, baada ya watu 10 kupoteza maisha. Miaka miwili kabla yake, Machi 2023, ugonjwa huo huo ulizuka Bukoba Vijijini. Mara zote mbili, waliotangulia mbele ya wagonjwa walikuwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara. Sisi wengine tulifunga milango tukaomba dua, na dua ni silaha ya muumini. Lakini lazima tujiulize: ni wangapi kati ya hao waliotangulia mbele wametoka katika madrasa zetu za Ngara na Biharamulo?

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din kuwa ni faradhi kifaya. Maana yake, wakipatikana wa kuifanya kazi hiyo wengine wamesalimika, na wasipopatikana jamii nzima ina dhambi. Akawalaumu wanafunzi wa zama zake kwa kukimbilia wote elimu ya fiqhi na kuiacha miji bila tabibu Mwislamu. Lawama hiyo ina zaidi ya miaka 900, na bado inatugusa.

Makala hii haikusudii kuwahimiza tu, maana mahimizo tunayo mengi. Inakusudia kueleza njia yenyewe ilivyo. Wako vijana wetu wanaopata alama nzuri kisha wanaikosa nafasi kwa sababu ya jina lililoandikwa tofauti, namba ya simu iliyopotea, au siku za kuthibitisha zilizopita. Hao hawakukosa akili, walikosa habari.

1. SAFARI INAANZA KIDATO CHA PILI

Tuhesabu kwanza. Sekondari ya kawaida ni miaka 4, kidato cha tano na sita ni miaka 2, Shahada ya Udaktari wa Binadamu ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kuwa daktari kamili. Jumla ni miaka 12 tangu kuingia kidato cha kwanza.

Katika miaka hiyo, mlango wa kwanza kufungwa ni wa kidato cha pili na cha tatu, pale mwanafunzi anapoiacha Fizikia kwa kuwa ni ngumu. Udaktari unataka masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani tahasusi ya PCB. Mwenye CBG, ambaye badala ya Fizikia amesoma Jiografia, atapata kozi nyingine nzuri, lakini hatapata udaktari.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa wanafunzi wa madrasa. Wengi wetu tunafanya vizuri sana katika Elimu ya Dini ya Kiislamu na tunafurahi kuona A kwenye cheti. Ni jambo la kheri. Lakini wakati wa kuchagua wa kuingia kidato cha tano, serikali huangalia ufaulu wa alama A, B au C katika angalau masomo matatu yasiyo ya dini. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi hadi kufikia 65, zikiwamo zenye masomo ya dini, na anayetaka kuwa mwanachuoni anayo njia yake. Anayetaka kuwa daktari ajue kuwa njia yake ni PCB, na A ya dini haitaziba pengo la F ya Kemia.

Wazazi wengine husema hawana ada ya kidato cha tano na sita. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada katika shule za serikali za kidato cha tano na sita imefutwa. Yamebaki mahitaji ya mwanafunzi, ambayo si haba, lakini ada yenyewe si kikwazo tena.

2. SIFA YA KUOMBA SI SIFA YA KUCHAGULIWA

Jambo hili huwachanganya wengi. Katika hesabu ya vyuo vikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sifa ya chini ya kuomba udaktari ni ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila somo lisipungue D, na jumla isipungue pointi 6.

Tuchukue mfano wa wanafunzi watatu. Wa kwanza ana D tatu, yaani pointi 6. Wa pili ana A ya Fizikia, B ya Kemia na E ya Baiolojia, yaani pointi 10. Wa tatu ana B, B na C, yaani pointi 11. Je, nani anaruhusiwa kuomba? Wa kwanza anaruhusiwa na wa tatu anaruhusiwa. Wa pili, pamoja na pointi zake 10, haruhusiwi, kwa sababu E moja imemtoa. Basi usilitelekeze somo moja kwa kutegemea mawili.

Lakini je, wa kwanza atachaguliwa? Hapo ndipo penye tofauti. Katika nchi kama Uingereza na Australia mwombaji wa udaktari hufanya mtihani maalumu wa kupima uwezo, kisha huitwa kuhojiwa. Kwetu sisi uzito uko kwenye alama za kidato cha sita. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo chuo huanza na wenye alama za juu na kushuka hadi nafasi zinapokwisha. Katika vyuo vya serikali vyenye ada nafuu nafasi huisha mapema, wenye pointi 6 wakiwa mbali kwenye mstari. Pointi 6 zinakuruhusu kusimama kwenye foleni, hazikuhakikishii kuhudumiwa.

3. KUCHAGUA VYUO

Tangu mwaka wa masomo 2017/18, mwombaji haombi tena kupitia mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Anaomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, kupitia mtandao wa chuo hicho. TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoonyesha kila chuo kina kozi gani, sifa zake na idadi ya nafasi. Kitabu hicho kinapatikana bure katika tovuti ya tume. Msome huo mwongozo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote wa mtaani.

Vyuo vinavyofundisha udaktari ni kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na Kairuki vya Dar es Salaam, Bugando (CUHAS) cha Mwanza, KCMC cha Moshi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), chuo cha Mtakatifu Fransisko cha Ifakara, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Vile vya serikali, kama MUHAS, UDOM na SUZA, vina ada ya chini. Vya binafsi na vya mashirika ya dini hutoza mamilioni kadhaa kwa mwaka.

Ushauri wetu ni huu: usiombe chuo kimoja tu, na usiombe kozi moja tu. Weka udaktari mbele, kisha weka kozi nyingine za afya ambazo ukipewa utazisoma kwa moyo, kama famasia, uuguzi, maabara au afya ya mazingira. Mfamasia mwema ana thawabu yake kama daktari.

Lipo suala linalozungumzwa chini chini. Baadhi ya wazazi husita kumpeleka kijana Bugando au KCMC kwa kuwa vyuo hivyo ni vya makanisa. Tuseme kwa adabu na uwazi. Vyuo hivyo hupokea wanafunzi wa dini zote na vinafuata sheria za nchi. Sisi wenyewe hapa Ngara tunatibiwa Murgwanza, hospitali ya Waanglikana, na Rulenge, hospitali ya Wakatoliki, na wake zetu wanajifungulia huko. Tukikubali kutibiwa humo, kwa nini tukatae kusomea mahali kama hapo? Kilicho muhimu ni kijana aulize mapema pa kuswalia na ajiunge na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu tangu wiki ya kwanza. Bugando ndiyo shule ya udaktari iliyo karibu zaidi nasi. Kuikataa kwa sababu ya jina ni kujifungia mlango.

4. JINA MOJA KATIKA KARATASI ZOTE

Kosa dogo linaloumiza watu wengi ni la majina. Mtoto anaitwa Khamis nyumbani, Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, na Hamis kwenye cheti cha kidato cha nne. Jina la babu liko shuleni lakini kwenye kitambulisho cha NIDA liko jina la ukoo. Mifumo ya kompyuta haijui kuwa ni mtu mmoja.

Fanyeni mambo haya mapema, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne:

(a) Mpatieni cheti cha kuzaliwa, na majina yafanane na ya shuleni herufi kwa herufi.

(b) Cheti hicho kitahitajika kuhakikiwa na RITA wakati wa kuomba mkopo. Uhakiki hufanyika kwa mtandao, lakini huchukua siku, na msimu wa maombi foleni huwa ndefu.

(c) Kwa watoto yatima, cheti cha kifo cha mzazi ni lazima kiwepo na kihakikiwe. Familia nyingi za vijijini hazikukichukua wakati wa msiba. Kifuatilieni sasa, maana ndicho kitakachothibitisha hali ya mtoto mbele ya Bodi ya Mikopo.

(d) Kama majina tayari yanatofautiana, nendeni kwa wakili au mahakamani kupata hati ya kisheria inayoeleza kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja. Msisubiri hadi dirisha la maombi lifunguliwe.

5. MAOMBI, SIMU NA STESHENARI

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, na matokeo hutoka kwa kawaida mwezi Julai. Dirisha la awamu ya kwanza ya maombi hufunguliwa baada ya hapo. Katika kipindi hicho hicho vijana wengi wako katika kambi za JKT, ambako si rahisi kuwa na simu muda wote. Kwa hiyo mzazi au kaka mtu lazima ajue nini kinaendelea, na mtoto aache nyumbani namba yake ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, nakala za vyeti vyake, na orodha ya vyuo na kozi anazozitaka.

Huku kwetu wengi huombea steshenari, iwe Ngara mjini, Kabanga, Biharamulo au Nyakanazi. Si vibaya. Ubaya ni pale mwenye steshenari anapojaza namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake, kisha anaweka nywila anayoijua yeye peke yake. Chuo kitakapotuma ujumbe, utamfikia yeye, na yeye ana wateja mamia. Sisitizeni namba iwe ya mwanafunzi au ya mzazi, laini iliyosajiliwa kwa jina la mmoja wenu na isiyobadilishwa hadi mtoto aripoti chuoni. Nywila iandikwe kwenye daftari na itunzwe nyumbani. Risiti ya malipo ya ada ya maombi nayo itunzwe.

Jihadharini pia na vishoka wanaodai wana mtu ndani ya chuo anayeweza kuuza nafasi ya udaktari. Nafasi haiuziki. Anayetoa pesa hiyo atapoteza pesa na pengine atapoteza msimu mzima, na rushwa ni haramu kwa anayetoa na anayepokea.

6. KUPEWA NAFASI NA KUTHIBITISHA

Tuseme Alhamdulillah, mtoto amechaguliwa. Hapa wengi husherehekea na kusahau kazi iliyobaki.

Kwa kuwa mtu anaomba vyuo vingi, anaweza kuchaguliwa na viwili au vitatu. TCU hutangaza majina ya waliochaguliwa na zaidi ya chuo kimoja na kutoa siku chache za kuthibitisha. Mwombaji hupokea kwa simu au barua pepe namba maalumu ya siri, akaiingiza katika mfumo wa chuo anachokitaka. Akithibitisha kimoja, nafasi zake kwingine hupewa wengine. Ndiyo maana tumesisitiza habari ya simu. Namba hiyo ikienda kwa laini iliyotupwa, mtoto aliyechaguliwa na vyuo vitatu anaweza kubaki bila hata kimoja. Ujumbe usipofika, ingieni katika akaunti ya chuo muombe utumwe tena, au pigeni simu chuoni siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuthibitisha, familia ikae. Linganisheni ada, umbali na gharama za kuishi. Kisha kijana aswali swala ya istikhara, na aamue ndani ya muda. Istikhara si sababu ya kupitisha siku ya mwisho.

Asiyechaguliwa awamu ya kwanza asikate tamaa. Awamu ya pili hufunguliwa, na mara nyingi huwa na ya tatu. Lakini angalieni ni vyuo gani bado vina nafasi za udaktari, msirudie kuomba kile kile kilichokwisha kujaa.

7. MKOPO NA SUALA LA RIBA

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mkopo hutolewa kwa kuangalia uhitaji, wakiwamo yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya maskini zinazohudumiwa na TASAF. Maombi yake ni tofauti na ya chuo, na namba ya mtihani ya kidato cha nne inayotumika iwe ile ile katika yote mawili. Dirisha lake nalo lina siku ya kufungwa.

Kwa miaka mingi Waislamu wengi waliukwepa mkopo huu kwa kuwa uliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa hoja ya kulinda thamani ya fedha. Walikuwa na haki ya kuuliza. Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za Mei Mosi mjini Mwanza, Rais Samia alitangaza kuondolewa kwa asilimia hiyo 6. Hivyo basi, anayemkataza mtoto leo kwa hoja ile aelewe kuwa jambo lenyewe limeondoka. Mkopo una ada ya uendeshaji, na mwenye shaka nayo awaulize masheikh wetu mapema, asikae na shaka moyoni hadi dirisha lifungwe. Mkopo ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize, na deni ni amana.

Upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, kwa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita, na udaktari umo. Huo haurudishwi.

8. MLANGO WA PILI

Asiyefika kidato cha sita, au aliyefika akakosa alama, bado ana njia. Ni Stashahada ya Utabibu, miaka 3, katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET. Anayetoka kidato cha nne anahitaji ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akimaliza ni tabibu, na ndiye anayewahudumia watu wengi katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini kwetu. Tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada za fani za afya.

Tabibu huyo anaweza kurudi kuomba udaktari akiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.5, pamoja na D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Angalieni hapo: Hisabati na Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesema Hisabati haimhusu huenda anajifungia mlango atakaouhitaji miaka kumi baadaye.

9. VYUO VYA NJE

Mawakala hupita wakitangaza udaktari wa nje kwa bei nafuu. Wapo waliosoma nje wakarudi madaktari wazuri. Lakini tukumbuke mwaka 2022 wanafunzi wa Kitanzania wa udaktari walivyokwama Ukraine vita vilipoanza, na Aprili 2023 serikali ilivyolazimika kuwaondoa Sudan vijana wetu, wengi wao Waislamu waliokuwa wakisoma Khartoum. Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni TCU kama chuo kinatambuliwa na kama wakala amesajiliwa, na ombeni cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ulizeni pia Baraza la Madaktari. Shahada isiyotambuliwa haitibu mtu.

10. NENO KWA WAZAZI WA MABINTI

Mara ngapi tumesikia mama zetu wakisema wangependa kuhudumiwa na daktari mwanamke wakati wa uzazi? Ni haja ya stara, na ni haja ya haki. Lakini daktari huyo ni binti wa mtu. Kama kila baba wa Ngara na Biharamulo atasema wa kwake asiende Mwanza, Dodoma wala Dar es Salaam, basi mama wa huyo baba atatibiwa na nani? Binti mwenye malezi ya madrasa, hijabu yake na swala zake, aliyepewa nauli, simu na dua ya wazazi, ni wa kuaminiwa.

Tumalizie kwa kuwausia wanafunzi: shikeni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na msiitupe Hisabati. Wazazi: tafuteni vyeti, tunzeni laini ya simu, fuateni tarehe. Walimu wa madrasa: kila mwezi Julai tukae na vijana wetu waliomaliza kidato cha sita tuwasaidie kusoma mwongozo, kama tunavyowasaidia kusoma juzuu.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, awafanye kuwa sababu ya ponyo kwa waja Wake, na ailinde Kagera yetu na maradhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.